Barua Alizosomewa Mkunga

Mfuko wa Mkunga ulirudi maktaba kama ulivyokwenda. Vitabu vitatu vya sauti vilikuwa bado kwenye vikasha vyake, uzi haujafunguliwa. Dereva wa gari la maktaba aliuweka mezani akajikuna kisogo.

"Dada, yule mama kasema tusimpelekee tena."

"Anaumwa?"

"Aumwe wapi! Anacheka peke yake kama bibi harusi. Eti binti yake amerudi, ndiye anayemsomea sasa."

Msomaji alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka chini polepole. Katika mji mzima ni yeye peke yake aliyejua kwamba binti wa Mkunga alikufa na kuzikwa ugenini miezi kumi na minne iliyopita.

"Umemwona huyo binti?"

"Sikumwona. Nilipiga hodi, akaniitikia kutoka chumba cha ndani." Dereva alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Dada, usinicheke. Nilidhani ni wewe. Nusura nikuulize umefikaje kabla yangu."

Msomaji hakucheka.

Kitengo chao kilihudumia wasioona na wale ambao mikono au miguu ilikuwa imewagomea, na wakubwa, kwa hekima zao, walikiweka juu ya ngazi kumi na moja. Wengi waliishia kungojea gari. Mkunga alikuwa miongoni mwa wachache waliopanda. Kila Alhamisi alizihesabu ngazi kwa sauti, akifika juu husema, "Kumi na moja! Leo hawajaongeza." Miaka thelathini alikuwa amewazalisha wanawake wa mtaa ule, mpaka ugonjwa wa sukari ukamla macho, kisha ukarudi kumla ncha za vidole. Vidole vilivyokuwa vikipapasa tumbo na kujua kichwa cha mtoto kiko wapi, sasa havikujua tofauti ya kijiko na kalamu. Maandishi ya nukta aliyafundishwa mwezi mzima, yakamshinda. Kwake ukurasa ulikuwa laini kama ukuta. Alichobaki nacho ni masikio, na masikio yale aliyakabidhi kwa Msomaji, ambaye kazi yake ilikuwa kurekodi vitabu ndani ya kijichumba kilichozibwa kwa mablanketi, na siku ya Alhamisi kuwasomea watu barua zao.

Alhamisi moja Mkunga alipanda na bahasha kifuani. Alikuwa amekaa nayo siku mbili, akiinusa tu. Msomaji akaifungua. Haikuwa ya binti. Iliandikwa na mwenzake waliyekuwa wakifua naye mashuka katika hospitali ya huko ugenini, na mistari ya kwanza ilisema yote. Msomaji aliinua macho, akauona uso wa yule mama umemwelekea kama sahani inayongoja chakula, na ulimi ukageuka wenyewe.

"Mama mpendwa," alisoma, "mimi ni mzima."

Alijiambia atamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo akajiambia mvua zikiisha. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yake ilipata mahali pa kupita, akaendelea kutembea. Barua ya kweli aliifungia kwenye droo, Mkunga akaondoka na karatasi tupu. Akatunga kwamba binti amesema sasa atatuma barua kupitia maktaba, na kila mwezi alichukua karatasi tupu ya ofisini, akaikunjua kwa kishindo ili isikike, akasoma. Binti alinunua koti la kijani lenye vifungo vitatu. Binti alipatwa na kikohozi kidogo, asiwe na wasiwasi. Binti aliungua kidole gumba kwa pasi. Mkunga alicheka, akalia, akaitia ile karatasi nyeupe kifuani kwenda kuiweka chini ya mto. Na Msomaji, ambaye mama yake mwenyewe alikufa wakiwa hawasemezani, alianza kuingoja Alhamisi kuliko hata Mkunga.

Barua ya mwisho ilikuwa ya mwezi uliopita. Mkunga alikuwa amelia sana siku ile, akisema atakufa bila kumshika mwanawe. Basi Msomaji akasoma: "Nakuja, mama. Usifunge mlango."

Mchana wa siku ile ile mfuko uliporudi, Msomaji alikwenda.

Mlango ulikuwa wazi. Kulikuwa na harufu ya kitabu kilichosahauliwa kwenye maji. Mkunga aliketi kitandani, amekonda hadi mifupa ya mabega imechomoza, lakini uso wake uling'aa. Mapajani alishika bakuli, akila kwa kijiko.

"Mama, ni mimi. Msomaji."

Mkunga akainamisha kichwa kando. "Wewe si uko ndani?" Kisha akacheka. "Ah, Msomaji! Nimechanganya. Mnafanana sauti, wewe na mwanangu. Karibu, onja uji wake. Yeye ndiye anayenipikia."

Msomaji alichungulia bakulini. Ulikuwa mweupe, mzito, na katikati yake kilielea kipande ambacho hakijalowa vizuri, kona ya karatasi. Akanyoosha mkono chini ya mto. Katika barua zote kumi na tatu hapakuwa na hata moja.

"Mama," ilisema sauti kutoka nyuma ya pazia la chumba cha ndani, "nani huyo?"

Ilikuwa sauti yake. Si ya kufanana, si ya ndugu. Ni ile ile aliyoisikia kila siku kwenye mashine ya kurekodia, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni mwa neno, na baada ya swali kikafuata kikohozi, kile kikohozi kidogo alichokitunga yeye mwenyewe mchana mmoja kwa sababu barua ilikuwa inaelekea kuwa fupi. Pazia likasogea, na Msomaji akaliona koti la kijani likitoka, na vifungo vyake vitatu vimefungwa, na mkono mmoja ukilishika pazia, na kwenye kidole gumba cha mkono ule alama ya pasi, na vidole vingine vyote vikiwa vyeupe visivyo na kucha wala mikunjo, akainua macho juu ya ukosi taratibu, asitake na asiweze kujizuia, akafika mahali pa uso, na pale hapakuwa na kitu, palikuwa peupe, pametandazwa kama karatasi ya ofisini, kwa kuwa katika barua zote zile hakuwahi hata siku moja kutaja sura ya binti.

"Ni Msomaji, mwanangu," alisema Mkunga kwa furaha. "Msalimie."

"Msomaji," ule weupe ukasema, na ulitikisika uliposema, "umetuletea barua nyingine?"

Alikimbia hadi barabarani na kiatu kimoja.

Dereva ndiye aliyempeleka kwa Mganga, maana Mganga naye alikuwa mteja wa maktaba. Zamani watu walimwendea kutoka mbali kutolewa majini. Sasa kiharusi kilikuwa kimeiua mikono yake yote miwili, na aliketi kwenye kiti cha magurudumu akisikiliza vitabu vya mapishi, vyakula ambavyo hataweza tena kuvipika. Msomaji alipiga magoti akaeleza yote. Mganga alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akasonya.

"Majini hawajengi nyumba, mwanangu. Huhamia. Umechonga mtu mtupu, ukampa nguo na kikohozi, ukamwachia mlango wazi, halafu unauliza nani kaingia?"

"Nilimhurumia, Bibi."

"Ulijihurumia. Yule mama anakula karatasi. Wiki mbili zaidi na atakuwa mwepesi kiasi cha kubebwa na upepo." Akatazama mikono yake iliyolala mapajani. "Kufukiza siwezi tena, wala hakuhitajiki. Barua ya kweli unayo?"

"Ninayo."

"Utaisoma mbele yao wote wawili. Usiruke neno. Usilie katikati. Pengo lolote utakaloacha, atalikalia."

Walikwenda kesho yake asubuhi, Dereva akimsukuma Mganga. Mvua ilikuwa inanyesha. Koti la kijani lilikuwa limeketi kitandani kando ya Mkunga, limemshika mkono. Dereva alipoliona alimwacha Mganga kizingitini, akageuka kuutazama ukuta wa nje, na hapo akabaki.

Msomaji alifungua bahasha. "Mama yetu," alianza, "mimi ni mwenzake binti yako kazini. Ninasikitika kukujulisha kwamba binti yako amefa..."

"Amefika," ilimalizia ile sauti nyingine, sauti yake, nusu neno mbele yake. "Amefika, mama. Si niko hapa?"

"Amefariki kwa homa, siku ya..."

"Amefarijika. Siku ya furaha."

"Tumemzika..."

"Tumemzawadia, mama. Koti."

Mkunga aligeuza kichwa huku na huku, kama mtu anayeitwa na watu wawili kwa jina moja. Msomaji alisoma kwa nguvu, na ile nyingine ikasoma kwa nguvu. Akanong'ona, nayo ikanong'ona. Mpaka yeye mwenyewe hakujua tena ni neno lipi limetoka kinywani mwake na lipi limetoka kwenye ule weupe, akahisi macho yanamjaa.

"Usilie!" Mganga alifoka kutoka mlangoni.

"Nyamazeni!" Ilikuwa sauti ya Mkunga, ile ya zamani, ya kuamrisha wanawake wasukume na wanaume watoke nje. Wote wakanyamaza. Akaugeukia upande wa koti. "Wewe uliyenishika mkono. Siku niliyokuzaa nilikuwa peke yangu, nilijizalisha mwenyewe. Nini kilitoka kwanza, kichwa au miguu?"

Mvua ilinyesha juu ya bati. Koti likajisogeza karibu.

"Niambie, mama," likasema kwa upole. "Niambie, nami nitakuwa hivyo."

Msomaji aliiona midomo ya Mkunga ikifunguka mara mbili kutaka kujibu, na mara mbili ikifumba, na uso wake ukizeeka palepale mbele ya macho yao. Kisha akautoa mkono wake taratibu.

"Msomaji. Soma."

Akasoma. Alisoma jina la homa, na siku tatu alizougua, na kwamba siku ya pili aliomba maji na kumwita mama. Alisoma hadi salamu za mwisho na tarehe, na hakuna sauti iliyomfuata. Alipoinua kichwa, kitandani palikuwa na lundo la karatasi iliyolowa, na chumba kilinuka udongo.

"Tarehe," alisema Mkunga. "Rudia."

Msomaji akarudia.

"Basi Alhamisi ile niliyokuja na bahasha kifuani, mwanangu alikwisha kuwa kaburini."

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Nilitaka..."

"Na nilicheka." Mkunga hakupandisha sauti. "Ulinisomea, nikacheka. Miezi kumi na minne wewe umekaa matanga ya mwanangu peke yako, mimi mwenye mtoto unanichekesha. Nimepokea watoto wa watu elfu, na waliokufa pia nimewapokea. Sikuwahi kumficha mama yeyote maiti ya mwanawe."

"Mama..."

"Usiniite hivyo. Unajua umenifanya nini? Sauti yake ya kweli siikumbuki tena. Nikimtafuta kichwani nakusikia wewe. Toka."

Msomaji alitoka. Garini Mganga alisema kwamba kazi imefanyika, na Dereva akasema alhamdulillahi, na hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Mkunga hakurudi kwenye zile ngazi. Vitabu hakuvipokea, kwani msomaji katika kitengo alikuwa mmoja tu na kila kitabu kilikuwa na sauti ile ile. Msomaji aliandika kwa wakubwa kuomba msomaji wa pili. Walijibu kwamba suala lake linashughulikiwa.

Wiki ya sita hakuweza kuvumilia. Alikwenda mwenyewe, mchana, akiwa ameamua kumwosha miguu yule mama hata akitukanwa. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Kabla hajapiga hodi alimsikia Mkunga akiongea ndani, polepole, kama mtu anayemwongelesha mtoto.

"Miguu ndiyo iliyotangulia. Wa kushoto. Nikasema huyu atakuwa msafiri. Ulikuwa na nywele nyingi mpaka shingoni. Hukulia. Nilikupiga matakoni mara mbili, ndipo ukalia."

"Nililiaje, mama?"

Sauti ile Msomaji hakuijua. Ilikuwa nyembamba, ya msichana, haikufanana na yake hata kidogo.

"Hivyo hivyo," alisema Mkunga, na sauti yake ilivunjika kwa furaha. "Hivyo hivyo, mwanangu. Unaona? Imerudi."

Msomaji alirudi nyuma hatua kwa hatua hadi barabarani, akampigia Mganga simu. Mganga alishikiwa simu sikioni, akasikiliza hadi mwisho.

"Mimi namtoa aliyeingia kwa uongo," hatimaye alisema. "Huyu anaambiwa kweli tupu, na anaambiwa na mwenye nyumba. Hapo sina dawa, mwanangu. Rudi kazini."

Lakini Msomaji alirudi mlangoni. Aliinua mkono kupiga hodi, akafungua kinywa, na kinywani hakukuwa na neno ambalo Mkunga angetaka kulisikia kwa sauti ya Msomaji. Ubao wa kizingiti ukalia chini ya mguu wake.



"Mwanangu," aliuliza Mkunga, "kuna mtu mlangoni?"

Pazia la dirisha likafunguka kidogo, likafungwa.

"Hakuna mtu, mama," ilijibu ile sauti nyembamba. "Endelea."