Taka Ambazo Wanza Hakutupa

Saa kumi na moja jioni niliingia kijijini Katelembo nikiwa na chupa tatu za Jiki, ile dawa kali ya madoa, brashi ya kusugulia sakafu, na tumbo lililonitangulia hatua mbili. Ilikuwa Julai, elfu moja mia tisa tisini na nane. Nimeendesha malori miaka ishirini na miwili. Nimelala Lubumbashi katikati ya magunia ya samaki waliooza. Nimekula mamba Kisangani nikidhani ni kambare, na nikaomba kuongezwa. Kwa hivyo nilijiona mwanamume ambaye pua yake imemaliza shule.

Nilikuwa nimetumwa kuosha nyumba. Basi.

Nyumba yenyewe ni ya dada yangu, Wanza. Alikuwa amelazwa hospitalini mjini Machakos, wiki ya tatu hiyo. Kifua. Akipumua, unasikia kama mtu anakokota mkeka juu ya changarawe. Asubuhi hiyo daktari alinivuta kando.

"Mzee, huyu mama analala wapi? Mapafu yake yamejaa kuvu."

"Analala kwake, daktari. Nyumba ya mawe, mabati juu. Ilinyeshewa na mvua za El Niño kama zingine."

"Kesho tunamruhusu, vitanda ni vichache. Lakini ukimrudisha kwa hiyo nyumba kama bado iko hivyo, hamalizi mwezi."

Nilipoenda kumuaga Wanza, alinishika kidole kimoja, vile alivyonishika tukiwa wadogo.

"Mwana wa mwaitu," alisema. Mtoto wa mama yangu. Akiniita hivyo, ujue anataka kitu. "Osha. Fagia. Lakini usitupe kitu nje."

"Kitu gani?"

Kikohozi kikamchukua.

Ufunguo ulikuwa kwa jirani, Ngina, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Nilimkuta akifungia kuku.

"Karibu, mtu wa dunia nzima. Umebeba nini hapo? Jiki? Si ungebeba padri."

"Padri hana brashi, mama."

Hakucheka. Kwa mtu kama mimi, hiyo ni habari mbaya.

"Kisilu," alisema polepole, "unajua tangu Mutiso abebwe na maji, dada yako hajawahi kutupa taka?"

"Taka gani?"

"Zote."

Hapo ndipo aibu iliponishika. Mutiso, mume wa Wanza, alibebwa na Mto Thwake mwezi wa Novemba akivuka na baiskeli. Baiskeli ilipatikana. Yeye hakupatikana. Mimi nilikuwa Kongo, lori limezama matopeni hadi kwenye milango, na habari zilinifikia baada ya wiki saba. Wazee wa ukoo walitaka kuzika mgomba mahali pake, mambo yaishe. Wanza aliwafukuza kwa mwiko.

Na kwetu, nyumba yenye msiba haitupi taka nje mpaka aliyekufa azikwe. Unafagia, unasogeza kwenye kona. Ni siku tatu, nne. Akishazikwa, taka zinatoka, na yeye anakuwa ametoka.

Mutiso alikuwa hajazikwa. Miezi minane.

Nilifungua mlango.

Harufu haikuja puani. Ilikuja mdomoni. Ilinikaa ulimini kama mafuta ya kondoo yaliyoganda, tamu, nzito, na chini yake kitu kingine... maji. Maji ya mto yaliyolala. Nilitoka nje, nikatapika chai na mandazi manne, nikajifuta, nikamwangalia Ngina aliyesimama kwenye ua.

"Nilikuwa naangalia choo kiko wapi," nikamwambia.

Nilijifunga leso usoni, nikarudi.

Magunia yalipangwa ukutani, kumi na moja, yamefungwa vizuri kwa kamba ya katani. Wanza ni mtu nadhifu hata akioza. Vitambaa vyeupe vya kusuka vilikuwa juu ya magunia kama vile ni makochi! Chini, maji meusi yalikuwa yametambaa hadi kwenye zulia, na ndani ya maji hayo kitu cheupe kilikuwa kinachezacheza. Mabuu. Manene kama punje za mahindi. Nilipokanyaga, yalitoa sauti. Bado naisikia nikila mahindi ya kuchemsha, kwa hivyo siku hizi sili.

Nilifungua madirisha yote. Nikaanza kukokota magunia nje, moja moja, hadi kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba.

Ndiyo, nilimsikia dada yangu aliposema nisitupe. Lakini pia nilimsikia akipumua.

Gunia la mwisho lilipasuka mikononi. Juu kabisa, juu ya maganda ya viazi yaliyogeuka uji wa kijani, kulikuwa na gazeti lililokunjwa. Likafunguka.

Ndevu.

Ndevu fupi, zenye mvi, zilizonyolewa. Mutiso alikuwa akinyoa kila jioni kabla ya kulala, na sote tulimcheka kwamba anaenda kuoa ndotoni. Nilijiambia ni za zamani, mjane ameweka kumbukumbu. Watu huweka hata meno.

Lakini zilikuwa zimeshikana na povu la sabuni.

Nikagusa kwa ncha ya kidole.

Povu lilikuwa bichi.

Na Wanza alikuwa hospitalini wiki tatu.

Mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nilibeba Jiki nikaingia chumba cha kulala, kwa sababu chumba hicho ndicho kilichokuwa kinamuua dada yangu, na kwa sababu Ngina alikuwa ananitazama. Kama ningekuwa peke yangu, ningekuwa barabara kuu ya Kyumbi tayari.

Jua lilikuwa limeshuka. Mwanga uliobaki ulikuwa wa rangi ya chai.

Kuvu ilikuwa imeota kwenye ukuta ulio kando ya kitanda. Si madoa. Ilikuwa nene, nyeusi, yenye manyoya mafupi kama ngozi ya fuko, na ilikuwa na umbo. Kichwa. Bega. Nyonga. Miguu iliyokunjwa kidogo. Mtu aliyelala kwa ubavu, amekielekea kitanda. Shavu peke yake lilikuwa safi, halina manyoya.

Nilimimina Jiki kwenye brashi nikaanza na miguu. Kuvu ilitoka vipandevipande, laini kama utandu wa maziwa yaliyolala, ikateleza hadi mkononi na kuingia ndani ya mkono wa shati. Nyuma yake ukuta ulikuwa unatoa maji. Maji ya kahawia. Yalishuka hadi kwenye godoro, na nilipolikandamiza, mchanga ulitoka.

Nikasugua nyonga. Nikasugua bega.

Ukuta ulikuwa na joto.

Nikasimama. Pumzi zangu zilikuwa mbio, hilo nalijua, mimi ni mnene. Lakini nilipozishika... zingine ziliendelea. Kama mkeka unaokokotwa juu ya changarawe.

Kisha, karibu sana na sikio langu, kwa upole, vile mtu huomba chumvi mezani:

"Shemeji... funga dirisha. Nimelowa."

Sitawadanganya kwamba nilikemea kwa jina la Bwana. Nilisema "Samahani." Nikafunga dirisha! Kisha nikaona mkono wangu mwenyewe juu ya komeo, nikakumbuka kidole changu ndani ya mkono wa Wanza. Nikalifungua tena, nikalia kama mtoto, na nikasugua kile kichwa cha kuvu.

"Mutiso," nikasema, "Wanza anakufa. Unamuua, ndugu yangu. Toka."

Zile pumzi zikakatika.

Nje, Ngina alikuwa amesimama kando ya shimo na mafuta ya taa. Sikuwa nimemwomba.

"Wewe ulijua," nikamwambia.

"Nilikuwa nasikia watu wawili wakiongea kila jioni. Nikajiambia ni redio." Akaninyooshea kiberiti. "Wewe ndiwe ndugu yake. Mimi siwezi."

Niliwasha saa kumi na mbili na nusu. Magunia yalikuwa mabichi, yalipaswa kukataa. Yalishika kama nyasi za Septemba. Moshi haukupanda. Ulitambaa chini, kwa chini, ukavuka ua, ukashika njia ya kuelekea mtoni.

Kesho yake nilifika hospitalini nikinuka Jiki. Wanza alikuwa ameketi. Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Hakuna mkeka. Hakuna changarawe. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kimya, kama cha mtoto.

Muuguzi alinikabili kwa hasira.

"Ni nyinyi mlimnywesha huyu mama maji ya mto?"

"Maji gani?"

"Jana, saa kumi na mbili na nusu. Ametapika beseni nzima. Maji ya kahawia, na mchanga, na majani. Yananuka! Nimefanya kazi hapa miaka tisa, sijaona."

Daktari alisema ni usaha. Alisema mara mbili, bila kunitazama.

Nilikaa kitandani. Wanza alinusa mkono wa shati langu.

"Umetupa."

"Nimechoma."

"Alisema nini?"

"Hakuna mtu aliyesema kitu, Wanza."

Akageuka akaelekea ukutani. "Basi sasa ndiyo nimekuwa mjane," alisema, kwa pumzi safi kabisa, na mimi, mwenye mzaha wa kila mazishi kutoka hapa hadi Matuu, nikainama kutafuta viatu vyake chini ya kitanda.

Wanza yuko hai, anapumua, analima. Hilo nilililipia na sijutii. Lakini siku ile, kabla ya kumpeleka nyumbani, niliuliza wauguzi watatu na mfagiaji mmoja yale maji ya beseni yalimwagwa wapi.

Kila mmoja alikuta beseni tupu, akadhani ni mwenzake aliyeyamwaga.