SAHIHI YA SIKU YA ALHAMISI

"Huyu kijana alifundishwa! Sahihi yake hii hapa!"

Bosi Nasibu aliipiga ile karatasi mezani mpaka chai ikamwagika.

Nikasogea kuangalia.

Jamani!

Jina lilikuwa la mdogo wangu, Mikaeli. Lakini mwandiko ulikuwa wangu mimi!

Tulieni niwasimulie. Msianze kunitukana kwenye komenti kabla hamjamaliza kusoma.

Naitwa Martina. Kwetu ni Matombo, ila naishi Moro mjini. Mwaka jana serikali ilitoa ruzuku ya kufundisha vijana kazi. Unasoma darasani wiki mbili, halafu unapelekwa sehemu ya kazi kujifunza kwa vitendo. Mradi unakulipia bima, unakupa buti na glavu. Ukifanya vizuri unaingia awamu ya pili, ufundi umeme.

Mimi na Mikaeli tulichaguliwa wote wawili. Mama alifurahi akaenda parokiani kutoa nia ya Misa.

Mimi nikapewa ukarani wa darasa. Karatasi ya mahudhurio nilikuwa naishika mimi, na niliahidiwa kwamba mafunzo yakiisha wataniajiri palepale mradini.

Sharti lilikuwa moja tu. Ukikosa siku hata moja, cheti sahau.

Sasa Alhamisi ya wiki ya pili, asubuhi, simu ikaita.

"Dada, mwenzio niko Matombo. Leo sifiki."

"Mikaeli! Na darasa?"

"Mama kateguka mguu, na karafuu zimeiva. Nikiziacha mpaka kesho zitafunguka zote mtini, zikose bei. Si upo wewe? Nisainie bana."

Hebu tuwe wakweli. Ni nani hapa hajawahi kumsainia mwenzake? Semina, kikundi, kikao cha mtaa, tunasainiana tu! Ukikataa unaambiwa una roho mbaya.

Nikasaini. Ile M yake nikaipinda vilevile anavyoipinda yeye, na nikajiona mjanja kinoma.

Somo la siku ile lilikuwa usalama wa mashine. Usivae mikono mirefu. Zima mashine kwanza, shusha swichi kubwa, ndipo uguse mkanda.

Miezi miwili baadaye Mikaeli alikuwa Dakawa, kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya bosi Nasibu. Mkanda ukachomoka kidogo. Yeye akautupia mkono aurudishe, mashine inazunguka, na shati la mikono mirefu liko mwilini…

Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Havikurudi.

Ana miaka ishirini na mbili!

Ndiyo maana siku hiyo tulikuwa ofisini kwa bosi. Bi Shadya, afisa wa mradi, alikuja kuchunguza ajali.

"Alijua, akapuuza," bosi akasema. "Mimi nimeletewa kijana mwenye cheti. Kosa langu liko wapi?"

Bi Shadya akashusha pumzi.

"Kama alifundishwa akapuuza, mradi unamfuta. Awamu ya pili hana. Kama hakufundishwa, kosa si lake, na ni lazima tumrudishe darasani."

Akanigeukia.

"Martina, wewe ndiye karani. Siku hiyo alikuwepo?"

Nikamfikiria mdogo wangu. Nikaifikiria na ile ajira.

"Alikuwepo."

Ndiyo, nilisema! Nitukaneni sasa.

Zikapita siku tatu. Nilikuwa naenda wodini namkuta Mikaeli anajifunza kushika kijiko kwa kushoto, uji unamwagikia shukani. Wala hakunilaumu.

"Dada, usijitese. Yameshatokea."

Hilo ndilo lililonimaliza. Siku ya nne nikaenda ofisini kwa Bi Shadya.

"Shikamoo, Bi Shadya."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai. Ile sahihi ya Alhamisi niliiweka mimi. Mikaeli alikuwa Matombo."

Nilidhani atapiga kelele. Akafungua faili, akanisogezea karatasi.

"Jana mdogo wako aliniita wodini, nikamwandikia maneno yake. Soma."

*Mimi Mikaeli nilikuwepo darasani siku ya Alhamisi. Nilisaini mwenyewe. Ajali ni uzembe wangu.*

Chini yake kulikuwa na alama ya dole gumba. La kushoto.

"Aliniomba nisikuguse," Bi Shadya akasema. "Akaniambia mama yenu anamtegemea mtu mmoja sasa, na mtu huyo ni wewe."

"Na wewe ukamwamini?"

"Nilimuuliza siku hiyo mlifundishwa nini. Akasema mlifundishwa kuzima moto. Nilikuwa nakusubiri wewe uje mwenyewe."

Nililia mama yangu, nililia! Kisha nikaandika maelezo yangu, ukweli mtupu, nikasaini jina langu. Nikajiona nimeutua mzigo. Nikainuka niondoke.

"Martina."

"Abee."

"Siku ile ulimsainia Mikaeli peke yake?"

Nikashika kitasa cha mlango.

"Martina!"

"Na Yasmin," nikasema. "Rafiki yangu. Alikuwa saluni, kulikuwa na harusi kwao."

"Yasmin yuko wapi saa hizi?"



"Dakawa… Amewekwa kwenye nafasi ya Mikaeli. Mashine ileile!"

Siku tatu nzima namlilia mdogo wangu, na huyu hajanijia kichwani hata mara moja!

Bi Shadya alikuwa ameshashika simu. Bosi Nasibu hakupokea. Akapiga tena. Hakupokea. Mara ya nne ndiyo akapokea, nyuma mashine inanguruma.

"Mtoe huyo binti kwenye mashine. Sasa hivi! Zima!"

Tukasikia mngurumo unashuka, unashuka, mpaka kimya.

Yasmin alitoka na vidole vyake vyote kumi.

Mnadhani alinishukuru? Ameniblock! Cheti kimefutwa mpaka asome upya, anasema nimemtoa kwenye riziki yake, na kwamba rafiki wa kweli angekausha. Mimi ukarani sina, cheti sina. Sasa hivi nauza mboga soko kuu.

Mikaeli amerudishwa darasani na kundi jipya, anajifunza kushika bisibisi kwa kushoto. Ila mimi hanisemeshi. Neno la mwisho aliloniambia ni hili: "Nilikukinga, ukakataa."

Inauma, sitawadanganya.

Lakini jamani, serikali ikileta mafunzo ya kuwalinda mtoto wako, mumeo, rafiki yako, yale mafunzo ndiyo ulinzi wenyewe. Cheti hakizuii mkanda wa mashine.

Kwa hiyo mtu akikupigia simu akwambie "nisainie bana", uache mstari wake wazi. Atakuchukia. Mwache akuchukie.