Uzi wa Ukuta wa Rusana

Sogeeni karibu, wajukuu, na mnyamaze. Rafiki yangu Rusana alikuwa akikarabati ukuta wa jiko uliopasuka kila mwaka. Zamani kwetu Bulgaria, mafundi walipima kivuli cha mtu kwa uzi, wakauzika ukutani ili nyumba isimame. Mwenye kivuli hakumaliza siku arobaini.

“Gencho, hukunipima mimi?” Rusana alimuuliza fundi wake.

“Wewe bibi? Kivuli chako kitashikilia banda la kuku tu!”

Plasta ilipokauka, kila Rusana alipozima taa, kitu kilikwaruza ukutani, kwaru, kwaru. Asubuhi moja ncha ya uzi ilining'inia. Akauvuta wote: kimo chake barabara.

Tulimzika siku ya thelathini na tisa. Nyumba alirithi mpwa wake, na ukuta haujapasuka tena. Mimi niliachiwa ule uzi. Leo nimeupima. Umefupika, umekuwa kimo changu.