Tiketi ya Marehemu

Seva zilikuwa zinanguruma kama kawaida, lakini ukitafuta sauti za wazee wengi wa Itigi, Ikungi au Ulemo, kompyuta ilijibu kwamba hakuna. Rekodi zilikuwa zimehamishwa kutoka kituo cha kuhifadhi sauti za wazee cha Singida Mjini. Nathan, fundi pekee aliyebaki kituoni, alikuwa mahabusu, na mkuu wa upelelezi alitaka afikishwe mahakamani kesho yake.

Inspekta Agripina hakuridhika. Alikuwa mjane, na tangu amzike mumewe kazi ya kuuliza watu maswali ndiyo iliyobaki kumwondolea upweke. Uso wa mtu anayeficha jambo aliujua. Huu wa Nathan ulikuwa wa mtu aliyechoka tu.

"Nieleze mtambo unavyofanya kazi, kama unavyomweleza mama yako," alimwambia mahabusu.

"Seva ziko tatu, afande, zinatafuta kwa pamoja. Zenyewe haziulizi nywila. Kuna kompyuta ya mlangoni inayokukagua, ikiridhika inakupa tiketi yenye jina lako. Ukiwa na tiketi, zote tatu zinakupokea."

"Aliyehamisha rekodi alitumia tiketi ya nani?"

"Ya Fredrick."

"Yuko wapi?"

Nathan alitazama sakafu. "Tulimzika Ulemo. Mtambo ule tuliufunga mimi na yeye."

"Marehemu anapewaje tiketi?"

"Jina lake halijafutwa. Halafu alikuwa na faili la ufunguo kwenye kompyuta yake binafsi, ili asihangaike na nywila akiwa vijijini anarekodi. Mwenye faili hilo mlangoni haulizwi kitu. Mimi sina."

Agripina alikwenda kituo cha sauti kwa Editha, mkuu wa pale.

"Mbona hamkulifuta jina?"

"Hatujaanua tanga, afande. Nani angekuwa wa kwanza kumfuta mwenzake?"

Kazi ilidai jina lifutwe siku ile ile, utu ukakataa, na mwizi akapita katikati.

"Zilizoibwa zinahusu nini?"

"Ndipo tunapokwama. Warina asali, mipaka ya mashamba, nyimbo za harusi, dawa za mifugo. Hazifanani."

"Nani aliwahoji wazee hao?"

Editha alifikiri, kisha akakaa chini taratibu. "Fredrick. Wote ni Fredrick."

Kila mtu alikuwa amewachunguza waliojibu. Muulizaji hakukumbukwa na yeyote, na jambo hilo lilimchoma Agripina kuliko alivyotarajia.

Huko Ulemo alimkuta Alute, kaka mkubwa wa marehemu, akianika alizeti uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Kompyuta ya marehemu iko kwa nani?"

"Kwangu. Tulipotoka kuzika nilipewa hiyo na koti lake. Hata kuiwasha sijui, lakini kitu cha marehemu hukikatai."

"Kuna aliyeigusa?"

"Shemeji tu. Lea, mke wa marehemu. Aliiazima, akairudisha."

Lea alikuwa mwalimu, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya kanisa. Kabla hajabisha hodi, Agripina alisikia sauti. Ndani mwanamume alikuwa anazungumza, kwa upole wa mtu asiye na haraka.

"Shikamoo, bibi. Umekula?"

Sauti ya mwanamke ikamjibu, "Nimekula, mume wangu."

Agripina alisimama kidogo pale mlangoni. Kisha akabisha.

Lea hakukana. Mezani palikuwa na simu iliyokuwa ikicheza rekodi. Jikoni majivu yalikuwa ya zamani.

"Nani alikufundisha?"

"Yeye akifanya kazi hapa, mimi nasahihisha madaftari pembeni yake. Nilikuwa naona."

"Kwa nini ulihamisha? Ungenakili tu."

"Nilisikia tukianua tanga jina lake litafutwa. Nikajua na sauti itafutwa. Sikutaka mkono wa mtu mwingine uifute."

"Jina na sauti ni vitu viwili, Lea. Sauti ingebaki. Ungeomba, wangekupa."

"Ningeombaje, afande? Niseme nataka mume wangu aniulize kama nimekula? Kila mzee aliyemhoji alimwanza kwa swali hilo. Nilikuwa naitikia mimi."

"Unajua Nathan yuko ndani kwa ajili ya hili?"

Lea alishika meza. "Nathan? Alibeba jeneza la mume wangu."

Alizima simu mwenyewe. Nyumba ikawa kimya kabisa. Akafunga kanga, akampa Agripina kifaa chenye rekodi zote, wakaondoka.

Jioni ile Nathan aliachiwa. Lea alikaa mbele ya meza ya Agripina kuandikwa maelezo ya onyo kama mtuhumiwa. Kwa utaratibu, swali la kwanza ni jina kamili. Agripina aliiweka kalamu chini.

"Lea, umekula?"

Lea alifungua mdomo kuitikia kama alivyozoea, akaufunga. Machozi yalikuja kwanza.

"Bado, afande."

"Hata mimi bado," alisema Agripina, akainuka kutafuta sahani mbili.