Kilio cha Kiti cha Nyuma

Nyumbani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa siku ya kuzaliwa. Wazazi, majirani, hata mwalimu wa darasa, wote walimwita Chiriku, kwa sababu tangu apate meno mdomo wake haukuwahi kupumzika. Alipofagia asubuhi alisimulia ndoto. Alipoosha vyombo alisimulia ya shuleni. Akimlisha mdogo wake uji, kijiko kilisimama hewani huku hadithi ikiendelea na mtoto ameachama akingoja, mpaka mama apaze sauti kutoka kwenye cherehani yake: "Chiriku! Uji hauliwi kwa masikio!"

Huyo mdogo wake walimwita Kibonge. Alikuwa na umri wa miaka miwili, mashavu yamejaa, mikono imejikunja vifundovifundo. Kumwogesha, kumvisha na kumbeba kabla ya kwenda shule zilikuwa kazi za Chiriku, na alizifanya bila kununa. Alimpenda sana Kibonge. Tuliseme hilo mapema, maana wapo watakaosikia habari hii wakadhani hakumpenda.

Mwaka huo baba yao, aliyekuwa mpiga chapa, alipata likizo ya kwanza tangu Kibonge azaliwe. Akatangaza mezani kwamba wangekwenda ziwani, familia nzima, kwa gari la kukodi. Lo! Siku iliyofuata darasa zima lilijua habari hizo, na la jirani pia.

"Nitaogelea mpaka vidole vikunjamane," Chiriku aliwaambia wenzake. "Nikirudi, mtaniuliza maswali nichoke kujibu."

Siku ya safari walikwenda kuchukua gari kwenye uwanja wa kokoto, nyuma ya kituo cha mafuta. Aliyewapokea ni mzee mwembamba mwenye koti la kazi la bluu. Kazi yake ilikuwa kuosha magari na kufunga viti vya watoto. Kila alipofunga kiti alikikandamiza kwa goti, akavuta mkanda na kujisemea, "Kaza. Kaza tena." Ndiyo maana hapo uwanjani walimwita Mzee Kaza.

"Nani atakaa nyuma na bwana mkubwa huyu?" aliuliza, akimtekenya Kibonge kidevuni.

"Mimi, babu," Chiriku akajibu.

"Basi wewe ndiye askari wake. Njoo nikuonyeshe, maana wakubwa wako mbele na macho yao yako barabarani." Akamkalisha Kibonge kwenye kiti. "Mikono ipite hapa. Vyuma hivi viwili viingie hapa katikati. Sukuma mpaka usikie."

Chiriku akasukuma. Tak!

"Umesikia? Usiposikia hivyo, bado hujafunga. Na hiki kitufe chekundu ndicho cha kufungulia. Hakibonyezwi gari likiwa linatembea, hata mtoto alie vipi."

"Akilia sana je?"

"Atalia sana. Wote hulia, hakuna anayependa kufungwa. Mwache alie." Mzee Kaza akavuta mkanda kwa mara ya mwisho. "Kaza tena. Haya, nendeni salama."

Hawakufika mbali kabla Kibonge hajaanza. Alizoea kubebwa mgongoni na kupakatwa. Kiti hiki alikiona kifungo cha jela. Alijipinda, akapiga mateke, akalia mpaka sauti ikakwaruza. Chiriku alimwimbia. Akampa biskuti, ikatupwa. Akamchezea kwa vidole, vikang'atwa.

"Fungua, Dada," Kibonge alilia. "Fungua!"

"Chiriku, mnyamazishe huyo mtoto," mama akasema bila kugeuka. Kichwa kilikuwa kinamgonga.

"Nafanya nini tena, mama? Nimemaliza nyimbo zote."

Baba alikuwa amekamata usukani kwa mikono miwili. Hakuzoea gari lile, barabara ilikuwa na kona nyingi, na kilio kilikuwa kinamwingia masikioni. "Jamani, mimi siwezi kuendesha hivi," akasema. "Akiendelea namna hii tunageuza. Bora likizo tukaimalizie nyumbani."

Tunageuza! Chiriku akaliona ziwa likirudi nyuma. Akawaona wenzake darasani wakimcheka. Akamtazama Kibonge, uso umelowa machozi na kamasi, mikono imemnyooshea. Akatazama mbele: mama amefumba macho, baba anatazama barabara. Basi akaweka kidole juu ya kitufe chekundu, akabonyeza. Akamtoa mtoto mikono kwenye mikanda, kisha akamfunika kwa shali ya mama iliyokuwa kando yake ili mtu akigeuka asione kitu.

Kibonge akanyamaza papo hapo. Akajiegemeza, akaanza kucheza na nyuzi za shali.

"Afadhali," mama akasema. "Umefanya vizuri, mwanangu."

Chiriku alizipokea sifa hizo kimya. Alijiambia ni kwa muda mfupi tu, mtoto akisinzia atamfunga tena. Lakini Kibonge hakuwahi kusinzia. Nyuma ya kona iliyofuata lori la mbao lilikuwa limesimama katikati ya barabara, limeharibika, halina hata tawi la kuonya watu. Baba alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari likapiga kelele, likaserereka, likasimama karibu kabisa na zile mbao. Halikugonga chochote.

Lakini Kibonge alichomoka kitini akajibamiza kwenye mgongo wa kiti cha baba, akaangukia miguuni pa dada yake. Kwanza hakulia. Kile kimya Chiriku hatakisahau. Kisha akalia, na damu ikamshuka kutoka juu ya nyusi.

Hospitali ilikuwa katika mji mdogo mbele kidogo, jengo refu lisilo na ghorofa lenye mabenchi ya mbao nje. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimshona Kibonge paji la uso na kumfunga mkono kifuani, kwa kuwa mfupa wa mtulinga, ule wa mbele ya bega, ulikuwa umevunjika.

"Mfupa utaunga," akawaambia. "Kinachonitia wasiwasi ni kichwa. Amejigonga vibaya na anatapika. Hatoki hapa mpaka niridhike. Alikuwa amefungwa mkanda?"

"Alifungwa," mama akasema. "Dada yake alimfunga, na tuliona."

Wote watatu wakamgeukia Chiriku. Angesema pale pale, habari hii ingekuwa fupi. Lakini alimwona mama yake, na damu ya mtoto kwenye gauni lake, akaogopa.

"Ulifyatuka," akasema. "Mkanda ulifyatuka wenyewe."

Baba alitoka nje kama aliyechomwa. Kupitia dirishani Chiriku alimsikia akizungumza kwenye simu. "Mmetupa kiti kibovu! Mwanangu yuko kitandani! Yule mzee wenu alikuwa anakaza nini?" Aliporudi, alisema mwenye ofisi ameomba radhi sana, na yule mzee wanamwachisha kazi.

"Wanamwachisha?" Chiriku akauliza.

"Na wamwachishe. Mtu wa kuchezea roho za watoto."

Tangu saa hiyo Chiriku hakusema neno. Alikaa kwenye benchi karibu na kitanda, amekumbatia magoti. Kibonge alikuwa akiamka, anatapika, analala tena. Mama alimshangaa binti yake. "Mbona umekuwa hivi? Umeumia mahali hukusema?" Chiriku akatikisa kichwa. Mama alidhani ni hofu ya yale aliyoyaona, akamfuta uso kwa kiganja na kumwacha.

Siku ya kurudisha gari, Kibonge alikuwa bado kitandani, na mama hakuweza kumwacha. Baba akaondoka na Chiriku. Njia nzima kiti cha mtoto kilikuwa kitupu kando yake, mikanda inaning'inia.

Walipoingia kwenye ule uwanja wa kokoto, Mzee Kaza alikuwa anawangoja. Hakuvaa koti la bluu. Lilikuwa limekunjwa juu ya ndoo. Ukutani alikuwa amevipanga viti vyote vya watoto vya ofisi ile, na mkononi alishika mkasi mkubwa. Mwenye ofisi, mama mmoja mnene, alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Mtoto anaendeleaje?" mzee akauliza, kabla hata ya salamu.

"Bado anatapika," baba akajibu kwa ukali.

"Baba, sina la kujitetea. Kiti hicho nilikifunga kwa mikono yangu." Mzee Kaza akafungua mlango wa nyuma, akapiga goti kokotoni mbele ya kile kiti. "Naomba nikitazame tu, kisha nitaondoka. Nataka kujua nilikosea wapi."

Akaingiza vyuma viwili. Tak! Akavuta kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Havikuchomoka. Akabonyeza, akafunga tena. Tak! Akavuta. Havikuchomoka. Akarudia, na kila mara sauti ilikuwa ile ile, na kila mara Chiriku alishtuka kama aliyechapwa.

"Kinashika," mzee akasema, na sauti yake ikaanza kupotea. "Kinashika kila mara. Sasa kilifyatukaje? Kama hiki kizima kilifyatuka, basi siwezi kuamini hata kimoja." Akaonyesha vile vya ukutani. "Ndiyo maana nimeomba nivikate vyote mikanda kabla sijaondoka. Usiku kucha nawaona watoto niliowafunga miaka yote hii. Najiuliza, ni wangapi niliowapeleka barabarani hivi hivi?"

Akamgeukia Chiriku. Hakumtazama kwa hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi.

"Askari wangu, nisaidie. Siku ile ulipomfunga, uliisikia ile sauti?"

"Niliisikia," Chiriku akanong'ona.

"Na kilipofyatuka, kililia vipi?"

Chiriku alifungua mdomo. Maneno yaliyokuwa yakimtoka bila kuitwa, leo hata moja halikuja. Mzee akangoja, kisha akatikisa kichwa polepole, akasogea ukutani na kuuweka mkasi kwenye mkanda wa kiti cha kwanza.

"Usikate!" Chiriku akapiga kelele. "Babu, usikate! Hakikufyatuka! Nilimfungua mimi. Alikuwa analia, na baba akasema tutageuza, na mimi nilitaka ziwa. Nilibonyeza kitufe nikamfunika na shali. Kiti hakina kosa. Mimi ndiye niliyemvunja Kibonge."

Akaangua kilio hapo hapo alipokuwa amesimama.

Uso wa baba ulibadilika, ukawa na hasira, kisha aibu, na aibu ndiyo iliyobaki. Akamwendea Mzee Kaza, akainamisha kichwa. "Mzee, nimekutukana kwa watu, na nimetaka ukose riziki. Sikuuliza wala sikuchunguza. Nisamehe."

Mwenye ofisi alilitoa lile koti juu ya ndoo, akalikung'uta na kumpa mzee bila kumtazama usoni. "Na mimi sikuuliza, mzee wangu," akasema. "Kazi yako iko pale pale."

Mzee Kaza alilipokea, lakini hakulivaa upesi. Alikaa juu ya ile ndoo, akamwita Chiriku karibu.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu," akasema. "Ila usiku ule sitarudishiwa, na wewe lazima ulijue hilo. Kumfungua mtoto lilikuwa kosa, na kosa linarekebishwa. Lakini uliposema uongo, kidonda chako ulikihamishia kwangu, na bado wewe hukupona. Sivyo?"

"Ndivyo, babu."

"Umesema kweli ukiwa umechelewa. Afadhali hivyo kuliko kutosema kabisa. Futa machozi."

Mama alipoambiwa kule hospitalini, alilia. Chiriku alitarajia kofi, akaandaa shavu. Mama alimvuta karibu na kitanda, Kibonge akiwa amelala, uzi mweusi wa kushonea ukionekana juu ya nyusi.

"Umenivunja moyo, sitakudanganya," mama akasema. "Lakini na mimi nina langu. Niliposikia amenyamaza, nilifurahi nikakusifu. Sikugeuka kutazama amenyamaza kwa nini. Mtoto akilia kwenye kiti, mwanangu, anatuudhi tu. Kilio hakivunji mfupa. Tangu leo, sisi sote, tutakivumilia."

Ziwa hawakuliona. Likizo iliishia kwenye mabenchi yale ya mbao, na shule zilipofunguliwa wenzake walimuuliza Chiriku kama aliogelea. Akawaambia hapana, kisha akawaeleza sababu, yote, bila kupunguza, na hakuna aliyecheka.

Kabla shule hazijafunguliwa kutapika kulikoma, daktari akaridhika, akaruhusu mtoto arudi nyumbani. Baba na Chiriku walikwenda kuwachukua kwa gari lile lile, walilolikodi tena, na Mzee Kaza ndiye aliyekifunga kiti, goti juu, "Kaza, kaza tena." Daktari mwenyewe alimwonyesha Chiriku jinsi ya kuweka kitambaa laini begani, mkanda usimkandamize pale mfupa unapounga.

Kibonge alipokiona kiti alianza kupiga mayowe hata kabla hajakalishwa. Chiriku alipitisha mikanda polepole, akasukuma vyuma mpaka akasikia tak, akajaribu kuvuta. Gari likaondoka.

"Fungua, Dada," Kibonge alilia, kovu likiwa jekundu juu ya jicho. "Fungua!"

Mbele, mama aligeuka akatazama. Baba akapunguza mwendo, akaendelea kuendesha. Chiriku alimshika mdogo wake mkono ule mzima, akaanza kumsimulia hadithi ya kwanza tangu siku ile, na alipoimaliza akaanza nyingine. Kibonge hakuisikiliza hata moja. Alilia njia nzima mpaka mlangoni kwao, na njia nzima dada yake hakumfungua.