Siku Mkwe Alipogeukia Ukuta

— Mama, kaa mbele. Nyuma utatapika.

— Mbele? Pembeni ya mukwe wangu? Victorine, weye uko na akili?

Victorine alikuwa na akili, tena nyingi kupita kiasi, na ndizo zilizomponza. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba 2011, nao wamesimama kwenye maegesho ya magorofa ya Berchem-Sainte-Agathe, mjini Brussels, safari ya kwenda milima ya Ardennes kutafuta vitu vya kale. Maman Lucienne alitaka cherehani ya kukanyaga kwa mguu, kama ile aliyoiacha Lubumbashi. Papa Donatien, mumewe, alitaka saa ya ukutani. Victorine alitaka mama yake na Séraphin, mchumba wake, wakae gari moja kutwa nzima mpaka wazoeane. Harusi ilikuwa Desemba.

Kwa watu wa kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali pamoja. Wakikutana, mkwe hugeukia pembeni, huinama na kupiga makofi polepole mpaka mama apite. Hiyo ndiyo bukwe. Victorine, mtoto wa Brussels, aliiona ni mambo ya kizamani. Séraphin aliyekuja huku mtu mzima aliifuata bila kukosea, na kwa hilo tu Maman Lucienne alikuwa amempenda.

Basi mama akakaa mbele, uso dirishani. Séraphin akakaza macho barabarani, jambo ambalo kwa dereva si baya. Maneno yao yote yalipitia kwa Victorine.

— Victorine, ambia Séraphin apunguze mbio.

— Victorine, ambia maman nimepunguza.

Papa Donatien alicheka mpaka Namur.

Mji wa kwanza hawakupata kitu. Wa pili, papa alipata saa isiyotembea, akaikumbatia kama mjukuu. Muuzaji akawaambia cherehani wataipata mji wa juu zaidi, kwa mama mmoja mzee, duka la karibu na daraja. Séraphin akabadilika uso.

— Victorine, turudi. Mvua inakuya.

— Mvua gani? Jua inawaka.

— Bon, nimechoka.

— Alors nitaendesha miye.

Akaendesha yeye. Mtu akitaka kuharibu siku yake mwenyewe, hakosi usukani.

Dukani kulinukia nta na mbao za zamani. Maman Lucienne aliiona cherehani dirishani, akaketi, akaweka mguu, gurudumu likaanza kuzunguka. Séraphin alibaki nje hadi Victorine alipomvuta mkono aje kubeba. Wakati huohuo pazia la nyuma likafunguka, akatoka mama wa Kizungu, mvi tupu, aproni kiunoni.

Séraphin aliachia mkono wa Victorine. Akageukia ukuta, akainama, akapiga makofi polepole.

Victorine alidhani anamfanyia mama yake. Lakini mama yake alikuwa dirishani, upande mwingine kabisa. Makofi yale yalikuwa ya mama wa Kizungu.

Cherehani ikanyamaza.

— Séraphin? mama yule aliuliza kwa Kifaransa. Ni wewe?

Séraphin hakugeuka. Maman Lucienne akainuka taratibu.

— Donatien, hakuna mwanaume anapigiaka mwenye duka makofi vile. Ule maman ni mama-mukwe wake.

Victorine akacheka, kile kicheko cha kuomba jambo liwe mzaha. Hakuna aliyemsaidia.

— Séraphin, sema haiko kweli.

— Iko kweli. Alisema na ukuta. Nilioa mutoto yake, Martine, ku commune, mbele ya serikali. Tuliachana mbele nikujue weye.

Papa Donatien akaweka saa yake mezani.

— Siku ulikuya kwangu nilikuuliza: ulishaka kuoa? Ulinijibu nini?

— Nilijibu hapana, papa.

— Mbele ya batonton ya Victorine, bajomba na baba wadogo.

— Ndiyo, papa.

— Ju ya nini? Victorine aliuliza.

— Niliona haya. Nilijua mutasema nilioa muzungu ju ya papiers ya kukaa Ulaya.

— Na haikukuwa ju ya papiers?

— Hapana. Nilimupenda.

Ingekuwa papiers, ingemuuma kidogo. Victorine alisikia masikio yanawaka. Ni yeye aliyepanga safari, ni yeye aliyeshika usukani, ni yeye aliyemvuta mtu ndani kwa mkono, na sasa alikuwa anaaibika mbele ya baba na mama yake katikati ya sahani za kale za duka la watu. Alitamani sakafu immeze.

Mama wa duka, Madame Bernadette, hakujua Kiswahili, ila machozi ya Victorine aliyaelewa. Akamwambia Maman Lucienne kwa upole kwamba kijana huyu alikuwa mkwe wake na hakuwahi kumpa busu hata moja la shavuni. Yeye akiingia, kijana anatoka. Akiandaa meza, kijana anakula jikoni. Kisha wakaachana na binti yake, naye akaondoka bila kumuaga.

— Niliona ananichukia, alisema. Nikamwambia binti yangu: mwanamume huyu anatudharau. Nilimwambia mara nyingi, mpaka akaamini.

Maman Lucienne akajibu kwa Kifaransa chake cha Lubumbashi:

— Madame, alikuwa anakuheshimu. Sisi, mama wa mke tunamheshimu hivyo. Hakuna heshima ya kuipita hiyo.

Madame Bernadette akakaa kwenye kiti kimojawapo cha kuuza.

— Mbona hukuniambia? aliuliza.

— Niliona haya kueleza, Séraphin akajibu, bado kwa ukuta.

Mama mzee akajifunika uso kwa aproni. Akasema kwamba basi yeye ndiye aliyeivunja nyumba ya mwanawe.

Walirudi bila cherehani. Safari hii Maman Lucienne alikaa nyuma, na hakutapika. Walipofika, Victorine alivua pete ya uchumba, akaiweka kwenye kisahani cha majivu cha gari, mama yake akiona, akafunga mlango.

Jumatatu, Séraphin alikuwa kazini simu ilipolia. SMS, kutoka namba ambayo haikuwahi kumwandikia:

“Séraphin, ni miye maman Lucienne. Ku telephone hatuonane sura, bukwe haivunjike. Martine haiko shida yangu. Shida: ulitoka kwa mama-mukwe bila kuaga. Na kwangu utatoka vile? Rudia kule mulima, umuage muzuri. Kisha ukuye useme kweli mbele ya batonton bale bale. Pete iko mu cendrier ya gari yako.”

Akampigia Victorine.

— Utaenda na miye?

— Nitaenda. Lakini nitabakia mu gari.

Wakapanda tena milimani. Karibu na daraja Victorine akauliza:

— Ungenificha mpaka lini?

— Mpaka nikufe, nafikiri.

— Siku ingine uone haya mbele yangu. Haiko nyuma yangu.

Séraphin aliitikia kwa kichwa, akashuka. Kupitia kioo cha duka Victorine alimwona akigeukia ukuta kama kawaida yake. Madame Bernadette alisimama kidogo, akifikiri. Kisha naye akageuka, akampa mgongo. Wakazungumza hivyo, mgongo kwa mgongo, muda mrefu, kila mmoja akijifuta macho upande wake.

Séraphin alitoka amebeba cherehani, zawadi kwa Maman Lucienne. Victorine alifungua kisahani cha majivu, akaipuliza pete, akaivaa.

Mbele ya batonton ilikuwa siku ndefu. Séraphin alipiga magoti akasema yote, na Papa Donatien alimwacha hapo magotini mpaka chai ikapoa ndipo akamwambia ainuke.

Desemba ilifika. Kanisani, benchi la kwanza, walikaa mama wawili, mmoja wa Lubumbashi na mmoja wa milimani, wamevaa kitambaa kimoja kilichoshonwa kwa cherehani moja. Bwana harusi aliingia, akainua macho upande huu, akayashusha haraka. Akajaribu upande ule, akayashusha tena. Hakubaki na pa kutazama ila kwa Victorine, naye akamtazama yeye tu mpaka misa ikaisha.