Kidole Kilichokubaliwa na Kioo

Kioo cha kugusa cha kompyuta ya Mama Denis kilianza chenyewe kuagiza chakula. Pale mgahawani kwake Makambako, mteja akitaka chai, kioo kinabonyeza supu. Asipotaka kitu, supu vilevile. Timoth, fundi aliyeitwa kutoka Njombe, alicheka mpaka akashika meza.

"Mama Denis, jini lako limepigwa na baridi!"

"Fundi, usitanie. Nina mtoto mgongoni."

Timoth akafungua mipangilio ya draiva, programu inayoendesha kioo. Mlango wa waya, sawa. Kasi ya mawasiliano, sawa. Akachomoa waya wa kioo. Alama ya mguso ikaendelea kutembea taratibu, kama mtu anayepapasa gizani, na harufu ya udongo mbichi ikatoka nyuma ya kompyuta.

Mwenye akili angeondoka. Timoth akarudisha waya, akaleta kwenye kioo ile misalaba minne ya pembeni ya kurekebisha mguso, ambayo mtu huibonyeza mmoja mmoja ili kioo kikijue kidole chake. Kisha akakunja mikono.

"Haya mgeni, bonyeza mwenyewe!"

Tk. Tk. Tk. Tk.

Kioo kikaandika: *Mguso umekubaliwa.*

Mgongoni, Denis akashtuka. Mama yake akageuza shingo: shavu la mtoto limebonyea, shimo la kidole, na kidole hakipo. Shimo likahamia shavu la pili, likashuka kooni, likatulia.

"Fundi! Kinamkaba! Mtoto hapumui!"

Timoth akang'oa umeme, kioo kikabaki kinawaka, akabonyeza misalaba upya kwa vidole vyote kumi na kioo hakikumsikia, maana sasa kilijua kidole kimoja tu, na mtoto alikuwa anageuka rangi, na mama analia bila sauti, ndipo fundi akapeleka mkono kwenye lile shimo la kooni, akakuta ubaridi, akaushika.

"Muache mtoto," akanong'ona. "Njoo kwangu mimi."

Kioo kikazima. Denis akavuta pumzi, akalia kilio kizuri, kikubwa, cha kuita majirani.

Mama Denis akamshika Timoth mkono, machozi yanamtoka. "Asante, kaka. Asante sana." Akatikisa bega. "Basi, niachie bega."

"Bega?" Timoth akautazama mkono wake wa pili. Ulikuwa mfukoni.